Kizunguzungu cha Kosgei

Naungama kwa unyenyekevu mkubwa: Kosgei alipotaka kukaa, nilivuta benchi. Akaanguka chali, shingo ikagonga ukingo wa benchi la nyuma. Bwalo zima la shule yetu ya bweni lilicheka, naye pia.

Kesho yake hakucheka. Kila alipogeuza kichwa kushoto alishika ukuta kama mlevi, na sikio likamvuma. Mwalimu wetu, Mzungu aliyefundishwa Kiswahili na mpishi wake, alimuuliza ana nini.

"Nina kizunguzungu, bwana."

"Una Kizungu? Vizuri sana! Basi sema Kizungu!"

Kosgei akamtapikia viatu. Nikaamriwa nimpeleke kwa Daktari Gurbachan, mjini Nakuru.

Daktari alichungulia sikio. "Safi kabisa. Unakwepa mtihani, kijana? Au ulianguka?"

"Sikuanguka," Kosgei akajibu upesi, akinikazia macho. Alijua ningefukuzwa shule.

"Basi rudi darasani."

Akainuka, akayumba, akaukumbatia mlango.

"Nilimwangusha mimi, daktari," nikasema. "Aligonga shingo."

Daktari akampapasa shingo taratibu. "Shingo isumbue sikio la ndani? Wenzangu wengine husema inawezekana, wengine hubisha. Mimi sijui. Lakini atalala hapa, na kichwa kisitikiswe."

Tulipobaki wawili, Kosgei alininong'oneza, "Mjinga wewe, watakufukuza." Kisha akafumba macho. "Hebu niambie, ni kitanda kinachozunguka, au ni mimi?"

Nilikishika kitanda kwa mikono miwili.