Tai wa Bangui Kwenye Rozari

Haya aliniambia Clémentine, msusi wa Malvern, Jumamosi iliyopita akinisuka nywele. Akinogewa kusimulia, huyo hata kitana hukiweka chini.

Mumewe François, mlinzi wa maegesho kule Turffontein, anakusanya medali za ile Milki ya Afrika ya Kati ya kule Bangui, ambayo haikumaliza hata miaka mitatu. Medali za kutawazwa kwa mfalme wao, alikuwa nayo ya rangi ya dhahabu na ya fedha. Ya shaba ilimpiga chenga miaka na miaka, masoko yote ya vitu vya kale kayamaliza.

Basi Jumapili moja, kanisani, akaiona! Inaning'inia kwenye rozari ya Mama Thérèse, mjane wa kutoka Bukavu, karibu na msalaba. Misa yote hakusikia neno.

Walipotoka akamfuata, Clémentine ubavuni. "Mama, niuzie hiyo medali."

"Weye François, una wazimu? Hii padri aliibariki. Kilichobarikiwa hakiuzwi. Na huyu ni Roho Mtakatifu, huoni njiwa na mwanga wake?"

François angeweza kunyamaza, amletee medali ya Bikira Maria wabadilishane, mama wa watu asijue kamwe. Clémentine akamkanyaga mguu: nyamaza! Wapi, moyo ulimkatalia.

"Mama, huyo si njiwa. Ni tai wa mfalme wa Bangui."

"Bangui? Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio huko! Ndiye aliyeniletea." Mama Thérèse akaisogeza medali karibu na miwani, akaitazama weee. Clémentine akajua kimekwisha, hawapati kitu.

Mara mama akaangua kicheko, wanakwaya wote wakageuka. "Eish! Miaka yote hii nambusu kuku wa mfalme! Na padri kammwagia maji ya baraka!"

Akaukata uzi kwa meno palepale. "Shika. Mtoe huyu ndege kwenye sala zangu. Sikuuzii, nakupa. Ila uniletee Bikira Maria, tena wa kweli, usiniletee malkia wa Bangui!"

Kurudi nyumbani, François aliimba Barabara ya Jules nzima. Wakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, anawaonyesha medali hata madereva wa teksi, nao wanampigia honi. Nyumbani akazipanga zote tatu kwenye kitambaa cheupe, akawaita majirani, akapiga vigelegele mwenyewe kama yuko harusini.

Jioni usingizi ukamchukua kwenye kiti, kiganja kimefumba ile ya shaba. Clémentine alijaribu kumfumbua vidole, akashindwa. Akamfunika blanketi, akacheka peke yake, akazima taa, naye akalala.