Kisanduku cha Mwenye Kazi

Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, meneja wa bidhaa alikuwa mezani kwake ghorofa ya nne, chai imepoa hadi imeota utando, akijaza faili la kupandishwa cheo kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza kamati ilisema hajaiva. Mara ya pili ilisema haijulikani kazi zipi ni zake na zipi ni za timu. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukiangushwa hapo, unabaki ulipo mpaka ustaafu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Vijana wawili aliowafundisha kazi sasa walikuwa wakubwa wake, na kwenye mikutano walimwambia afupishe maneno. Hilo lilimuuma, tena sana.

Faili lenyewe halina ugumu. Unaandika kazi uliyoifanya, unaandika imeleta faida gani, kisha upande wa kulia kuna kisanduku cha mwenye kazi. Kinapokea mtu mmoja tu. Ukiingiza wawili kinawaka chekundu mpaka umpunguze mmoja.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa programu ya ramani inayomwelekeza mtu njia hata mtandao ukikatika. Wazo lilikuwa la mhandisi aliyekaa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Jirani. Yeye na meneja walikuwa wametazamana miaka sita, wakiazimana chaja na kusengenya wakubwa. Wazo lilimjia hospitalini, mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa. Ni kweli pia kwamba meneja ndiye aliyelipigania mpaka likapewa watu na muda, huku wakubwa wakimbeza. Basi meneja akaandika jina lake mwenyewe. Kisanduku kikawaka kijani.

Kabla ya chakula cha mchana akakumbuka benchi. Lilikuwa la mbao, kwenye ujia wa hospitali, na sakafu ilinuka dawa. Nyuma ya mlango mwanamke alikuwa akilia, na yeye meneja, ambaye hajawahi kumsubiri mwanamke yeyote ajifungue, alikuwa akihesabu vigae vya sakafu kwa hofu. Alijua mara moja kwamba kumbukumbu ile si yake. Alimaliza kujaza faili, akaenda kula.

“Mtoto hajambo?” alimuuliza Jirani.

“Nasikia hajambo. Nasikia ameanza kutembea.”

“Unasikia?”

“Mama yake ndiye ananiambia. Mimi namwona tu pale sebuleni.” Jirani alimenya chungwa lake taratibu. “Hebu niambie, ile ramani nani aliiandika? Leo nimeifungua, nimetoka kapa.”

“Wewe.”

“Acha utani wako bwana,” alisema Jirani, akacheka.

Meneja akapanda lifti hadi ghorofa ya tisa kumwona mkurugenzi. Huko kila meza ina boksi la tishu, na kampuni hulijaza kila asubuhi. Mkurugenzi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa akijifuta macho.

“Niwie radhi,” alisema. “Leo ndiyo siku aliyofariki baba wa yule kijana wa takwimu. Mwaka juzi niliweka jina langu kwenye kazi yake, msiba nao ukaja humo humo.”

“Na kijana mwenyewe?”

“Hana habari. Asubuhi tumepishana kwenye ngazi, anapiga mluzi.”

“Inarudishika, mama?”

“Mbona rahisi! Unafuta jina lako, unaandika lake, kabla kamati haijakaa. Ijumaa saa tisa. Ikishakaa, imekwenda hiyo.” Alichomoa tishu nyingine. “Ila nisikufiche, mwanangu. Huku juu hatujawahi kumpata aliyefuta.”

Alhamisi mchana mke wa Jirani akapiga simu. Walikuwa wakifahamiana kwa salamu za sikukuu tu.

“Dada, usinicheke. Mtoto ana homa tangu jana na hanyamazi. Hata sijui kwa nini nimekupigia wewe.”

Meneja, pale pale mezani, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo asioujua. Jirani aliwahi kuuimba wiki nzima akiwa na mtoto mapajani, akirekebisha ramani kwa mkono mmoja. Upande wa pili kilio kikapungua, kikakoma.

“Huo ni wimbo wa baba yake,” mwanamke alisema.

“Na yeye yuko wapi?”

“Yuko hapa, ameomba ruhusa ya nusu siku. Amekaa kwenye kiti anatuangalia.”

Meneja akakata simu, akaenda kunawa uso. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa yake mwenyewe.

Ijumaa saa nane na nusu alifungua faili, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Aliwafikiria wale vijana wawili. Alijiambia kwamba akipanda atamvuta Jirani juu, atamtafutia kazi nyingine ya kujivunia, atamlipa kwa njia zote. Jirani alikuwa mbele yake, akisoma ramani yake mwenyewe kama mgeni, anatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Saa tisa kasorobo kidole bado kiko pale. Saa tisa kisanduku kikajifunga.

Kamati ilichukua dakika kumi. Ilisifu kwamba safari hii kazi ina mwenyewe. Jumatatu meneja akahamia ghorofa ya tisa, akakuta boksi la tishu limeshafunguliwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa orodha ya watu wa kupunguzwa kazini. Jirani alikuwamo, kwa sababu kwa mujibu wa mafaili hakuwa amefanya lolote miaka miwili. Meneja alitafuta hata kazi moja ya kumwandikia. Zote kubwa zilikuwa na wenyewe. Akapiga moyo konde, akatia saini.

Jirani alipanda kuaga, vitu vyake amevipakia kwenye boksi. Hakuwa na kinyongo.

“Mke wangu anasema, kama uliujua ule wimbo wangu, basi hata siku aliyozaliwa mwanangu unaijua.”

“Naijua.”

“Nihadithie basi. Akikua ataniuliza.”

Akaketi, akatoa kalamu na daftari. Meneja akamweleza yote: mvua njiani, ramani iliyoganda kwenye simu mtandao ulipokatika, benchi, nesi mwenye kandambili za kijani, saa kumi na moja na robo alfajiri. Jirani aliandika kwa utulivu, mara anamwomba arudie.

“Na nilipompakata mara ya kwanza?”

Meneja aliliona wazi kichwani: mtoto alifumbua jicho moja, moja tu, akamtazama kama mtu aliyekatizwa usingizi. Baba akacheka mpaka nesi akamtoa nje, na huko nje kicheko kikageuka machozi. Miaka yote arobaini na minne, meneja hakuwa na kitu chake kizuri kama kile.

“Hapo sikumbuki vizuri,” alisema.

“Basi si neno,” alisema Jirani. Akaandika kwamba hapo hapakumbukwi, akamshukuru, akainua boksi lake.