Mgeni Aliyevua Matairi Mlangoni

Usiku wa kuamkia leo nimeota kuna gari la mtu nisiyemjua kwenye nafasi yangu ya kuegesha. Kwa kuwa lilikuwa pale pale hata kabla sijalala, nilichelewa kutambua kwamba naota.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa nikiwa macho, msije mkaniona mkorofi bure. Nafasi yangu iko mbele kabisa ya mlango wa ghorofa letu hapa Morogoro, na sikuipata kwa kulala. Mama yangu aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akaletwa kwangu. Daktari alimwambia atembee kila siku, la sivyo mguu utakaza na hautakunjuka tena. Mama akamjibu, "Sawa, daktari." Tangu hapo hajapiga hatua moja ya kwake. Fremu ya kutembelea niliyomnunulia imesimama kando ya kitanda, miguu yake bado imevikwa nailoni ya dukani. Kila nikimwambia ananijibu, "Kesho, mwanangu," kisha anageukia ukuta. Naogopa. Nikimwangalia naona mtu anayejizoesha kulala.

Na leo ilikuwa siku ya kliniki. Kutoka mlangoni hadi nafasi yangu, mimi na mlinzi tunaweza kumkokota mama. Lakini jana mchana kuna mtu alileta gari dogo la kijivu, akaliegesha pale, akapotea. Langu nikalipeleka nyuma, kwenye mapipa ya taka. Nikagonga milango ya ghorofa nzima, nikambana mlinzi, nikabandika kwenye kioo karatasi yenye maneno ambayo sitayarudia hapa. Mama alipojua gari letu liko kwenye mapipa, akasema basi kliniki haendi. Nikalala nimefura.

Sasa naota. Ni saa nne asubuhi, jua kali. Nimesimama mbele ya lile gari, mikono kiunoni.

"Shikamoo," linasema gari.

Nusura niitikie marahaba. Najizuia. "Toka kwenye nafasi yangu."

"Nitatoka, dada. Ila nilipiga hodi, na ukaniitikia."

Nakumbuka. Jana mchana nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Honi ikalia nje mara tatu, na mimi, bila hata kugeuka, nikaitika, "Karibuuu!" Mdomo umezoea. Nimeikaribisha honi.

Nakigeukia kibao kilichopigiliwa ukutani. "Hebu sema ulichoandikwa."

Kibao kinakohoa. "Maegesho ya mkazi na wageni wake tu. Huyu ni mgeni wako. Ulisema karibu, nilisikia kwa masikio yangu."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Mimi nimepigiliwa, dada. Sina upande."

Nampigia simu mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, Bwana Ngonyani. Simu inaita ndani ya buti la gari. Buti linafunguka, na kamati yote imo humo, imebanana kwenye kikao, kila mjumbe na chupa yake ya maji.

"Tumelijadili suala lako, Dada Eliwaza," anasema Bwana Ngonyani, magoti yake yako masikioni. "Kikao kimeazimia kwamba mgeni hafukuzwi. Kwani umeshampa hata maji?"

"Bado."

Kamati nzima inaguna. Mjumbe mmoja anatikisa kichwa na kusema, "Na mama yake tunamfahamu, mtu wa watu kabisa." Buti linajifunga.

Hapo aibu inanishika kweli. Naingia ndani kuchukua maji. Nikigeuka na jagi mkononi, nafasi ya kuegesha imekuwa sebule yangu. Gari limeketi kwenye zulia, limejikunyata lisiguse meza ya kioo, na matairi yake yote yamepangwa mlangoni, vumbi limepanguswa.

Niseme kweli, limenigusa. Nina wageni, tena ndugu zangu wa damu, wanaopita na viatu hadi jikoni.

"Mwenyewe yuko wapi?" nauliza, lakini sauti imeshashuka.

"Alikuja kuniacha tu. Mwenye safari ni mimi. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulinibandikia karatasi." Waipa yake inainuka, inaigusa ile karatasi kwa adabu, haiitoi.

Mama yuko kitandani, na kitanda kiko kati ya kochi na friji. Hakuna anayeona ajabu.

"Shikamoo, mama," linasema gari, na taa zake zinainama.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Eliwaza, mgeni anakaa hivi hivi? Chai iko wapi?"

Napika chai ya maziwa, natia tangawizi, naimimina kwenye rejeta. Gari linashukuru. Linakataa kikombe cha pili, linabembelezwa, linakubali, linakunywa hadi mwisho. Huyo kafundwa na watu wazima. Nimeanza kujipenda kwa kuwa na mgeni kama huyu.

Kisha linamuuliza mama habari za mguu. Mama, ambaye nikimuuliza mimi hujibu "sijambo" na kunipa mgongo, anasimulia yote. Jinsi alivyoteleza. Jinsi alivyolala sakafuni akiitazama dari na kuona kuna utando wa buibui ambao sijausafisha. Chuma walichomtia. Namna chuma kile kinavyomwamsha alfajiri kwa baridi.

Gari halimkatizi hata mara moja. Akimaliza ndipo linasema, "Pole sana, mama. Mimi nami walinifungua. Mguu wa mbele, wa kulia. Bushi, zile raba za maungio, zilikwisha zote. Wakaniweka juu ya mawe gereji, nikakaa hadi majani yakaniotea."

"Maskini. Na ulipotoka, uliogopa kutembea?"

"Sana. Siku ya kwanza nililia kwenye kila tuta. Watu wakawa wanageuka kuniangalia."

"Sasa ukafanyaje?"

"Nililia hivyo hivyo, huku naenda."

Mimi nimesimama na birika, sijui niliweke wapi. Nimembembeleza mama, nimemgombeza, nimemtishia jina la daktari, nimelia mbele yake. Gari hili limekunywa chai tu, likasema maneno mawili, na mama anautazama mguu wake kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Ningependa kuliudhikia, lakini siwezi. Nalivulia kofia. Sina kofia, kwa hiyo navua kilemba.

"Mama, naomba ruhusa niende," linasema gari.

"Mbona mapema hivyo? Hata chakula hujala!"

"Nitakuja tena, mama."

"Haya. Basi ngoja nikusindikize."

Mama amesema bila kufikiri, vile vile nilivyosema karibu na vitunguu vyangu. Mdomo umezoea. Anausikia mdomo wake mwenyewe na macho yanamtoka. Ila neno limeshatoka, na maisha yake yote mama hajaacha mgeni akaondoka peke yake kama aliyefumaniwa. Anatazama fremu.

"Usinitazame mimi," inasema fremu. "Sijawahi kukanyaga chini. Naogopa."

"Tutaogopa wote," anasema mama. "Vua hiyo nailoni, tunamchelewesha mgeni."

Anashusha mguu mmoja, kisha mwingine. Nataka kukimbia kumshika, lakini zulia limenishika visigino na linaninong'oneza nitulie. Gari limeshavaa matairi yake, linamngoja mlangoni. Haliungurumi. Halimwambii harakisha.

Tukitoka mlangoni, hakuna ghorofa wala mapipa. Ni barabara ya Usangi, kwao mama, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na ni asubuhi ileile.

Mama anatembea. Kila hatua anatoa mlio, "Aii." Gari linakwenda ubavuni mwake, mwendo wake ni mwendo wa mama, na kila mama akilia nalo linalia kwenye mguu wake wa mbele wa kulia, ili asilie peke yake. Nawafuata nyuma, nimebeba birika. Machozi yananitoka na sijifuti.

"Inatosha, mama. Rudi sasa."

"Hadi pale kwenye kona."

Kona inafika. "Rudi, mama, utachoka."

"Hadi pale alipo yule ng'ombe."

Ng'ombe anatupisha. "Poleni na safari," anasema.

"Asante, nasindikiza mgeni tu," mama anamjibu, na kuna majivuno katika sauti yake ambayo nilidhani yamebaki kwenye meza ya upasuaji. "Hadi pale darajani, kisha kweli narudi."

Darajani gari linasimama. "Hapa ndio mwisho, mama. Nikivuka nitabadilisha mwendo, hutaniweza."

"Karibu tena. Usipite bila kupiga hodi."

"Sitapita." Linanigeukia. "Dada, hii karatasi niibandue au niende nayo?"

"Nipe," naliambia. "Nisamehe. Nilikuwa na hofu."

"Niliona," linasema gari. "Mwandiko ulikuwa unatetemeka."

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka, na mlinzi alikuwa anafagia nje. Nikaenda dirishani. Nafasi yangu ilikuwa tupu, imebaki doa jeusi la oili pale lile gari lilipokuwa. Sikushangaa sana, maana watu huja kuchukua magari yao wakati wowote, tena bila hata kuomba radhi. Nikachukua funguo nikalilete langu mlangoni kabla hajaja mwingine.

Njiani nikachungulia chumbani kwa mama. Alikuwa amelala chali, kanga hadi kidevuni. Fremu ilikuwa pale pale kando ya kitanda. Ila miguu yake ilikuwa mitupu, nailoni imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya stuli, namna mama anavyokunja mifuko yote anayodhani itafaa siku nyingine.

Nikachuchumaa. Kwenye mpira wa mguu mmoja wa fremu kulikuwa na oili nyeusi. Nikaigusa. Ilikuwa bado mbichi.

"Eliwaza," mama akasema, macho kafumba. "Unakwenda wapi na funguo?"

"Kulisogeza gari, mama. Nafasi yetu imeachwa."

"Liache huko huko kwenye mapipa," akasema, akaanza kuikunjua kanga. "Nisogezee hiyo fremu. Nitalifuata."