Mkwe Kwenye Ngoma Kubwa

Niliishia darasa la tatu, nikarudi Namawala kuamia ndege kwenye mpunga wa mama. Baadaye mimi na mama tukahamia Ifakara, nikapata kazi katika chumba cha ushonaji cha misheni. Kwa hiyo Sista Kandida aliponiambia nitajifunza kuongoza bendi ya shule ya wasichana, nilidhani amenifananisha na mtu mwingine. Hakunifananisha. Alikuwa amenisikia nikiimba sauti zote za filimbi huku nikikanyaga cherehani, ya juu na ya chini, bila kuzichanganya.

Alinifundisha miezi saba. Chini, kushoto, kulia, juu, kijiti cha mwanzi mkononi. Mkono ulijifunza upesi. Shida ilikuwa macho. Kwetu msichana aliyelelewa vizuri hutazama chini anapokuwa mbele ya watu, nami nilikuwa nimelelewa vizuri kupita kiasi. Sista alisema kiongozi huita watu kwa macho waanze kupiga, akaweka sheria kwa bendi nzima: asiyetazamwa haingii. Polepole nikaweza kuwatazama wale wasichana kumi na watano, ingawa nilianzia kwenye mapaji ya nyuso zao.

Sista alikuwa anarudi kwao baada ya mavuno. Kabla hajaondoka, mkaguzi wa shule angekuja kutoka Mahenge kutusikiliza. Nikiweza, bendi ni yangu. Nisipoweza, filimbi zitafungiwa kabatini, nami nitarudi kufukuza ndege.

Siku tatu kabla ya mkaguzi kuja, Margareta, mpiga ngoma kubwa, alishikwa na homa. Sista akaenda Kivukoni, akarudi anatabasamu. Alikuwa amempata Mzee Theodori, mvushaji wa mtumbwi, ambaye wakati wa vita alipiga ngoma kubwa katika bendi ya Keya, jeshi la Waingereza.

Nilikaa kwenye ngazi. Mzee Theodori ni baba yake Tadei, na Tadei alikuwa ameleta posa nyumbani, nayo imepokelewa. Mkwe hatazamwi usoni. Nilipokutana naye njiani niliingia kwenye majani, nikampa mgongo mpaka apite. Ingekuwa hivyo mpaka baada ya ndoa, siku atakayoniruhusu mwenyewe. Haya yote sikumweleza Sista. Ningeanzia wapi?

Alikuja mazoezini na shati lililopigwa pasi, akasimama nyuma ya wasichana kama mnazi katikati ya mahindi. Walimuuliza kama naye atavaa sketi ya sare. Akajibu kwamba atavaa, wakipata inayomtosha. Mimi nilikuwa nahesabu nyufa za sakafu.

Tukaanza. Filimbi zilipiga zenyewe, kisha tukafika mahali pa ngoma kubwa kuingia. Nilipeleka kijiti upande wake, uso nikaugeuzia dirishani. Ngoma haikulia. Filimbi zikayumba, zikafa moja moja. Sista akamuuliza Mzee kulikoni.

"Umesema asiyetazamwa haingii," Mzee alijibu. "Mimi sijatazamwa. Nilikuwa askari, Sista."

Wasichana walicheka mpaka wakashika matumbo. Tukarudia mara tatu, na mara zote tatu nikatazama dirisha. Sista alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda amenikimbiza mno, labda kosa ni lake. Afadhali angenigombeza.

Nilimweleza mama. Alisema nikimtazama mkwe mbele za watu posa itarudishwa, na nisije nikamlilia yeye. Nikamuuliza kwa nini basi Mzee anang'ang'ania atazamwe, ilhali mila anaijua kuliko mimi. Mama akafikiri, akasema labda ananipima adabu. Nikimtazama, sina adabu. Nisipomtazama, sina bendi.

Mkaguzi alikaa mbele na daftari lake. Jasho lilinitoka mpaka kijiti kikateleza. Filimbi zikaanza vizuri, na kadiri zilivyopiga vizuri ndivyo mahali pale palivyokaribia. Nikahesabu mapigo. Yakabaki manne, yakabaki mawili.

Nikamtazama.

Sikuwa nimewahi kuuona uso wake. Ulikuwa umelowa jasho, midomo imekaza, macho yamenikodolea. Alikuwa anaogopa kama mimi. Kisha kirungu kikashuka, na ngoma ikanguruma mpaka kifuani mwangu. Mahali pa pili nikamtazama tena. Dhambi ilikuwa imeshatendeka.

Mkaguzi aliandika, akatikisa kichwa kukubali, na Sista akanishika mikono yote miwili: bendi ni yangu. Lakini Mzee Theodori aliweka kirungu chini, akaondoka kwenda Kivukoni bila kunywa chai wala kuaga.

Siku mbili hakuja mtu nyumbani, na mama hakusema nami. Siku ya tatu akaja Bi Tekla, dada yake Mzee. Nilimpigia magoti, nikamwamkia shikamoo, nikakaa nje karibu na mlango. Alimwambia mama kwamba kaka yake anadai kuku, kwa kuwa binti amemkazia macho mbele ya watoto. Kuku akitoka, neno limekwisha. Mama alikuwa ameshasimama kwenda bandani kabla mgeni hajamaliza kusema.

Kisha Bi Tekla akaniita ndani.

"Kuna jingine. Anauliza, pale mahali pa pili, ngoma ilichelewa au haikuchelewa? Tangu siku ile hali chakula vizuri."

Mama, kuku mkononi, alinitazama kwa jicho ninalolijua. Mkwe hakosolewi. Nilitazama mkeka, nikatafuta neno la adabu, nikalikosa. Nikainua uso.

"Ilichelewa, shangazi," nilisema. "Na mahali pa kwanza pia. Mwambie aje Jumatano, tutarudia."