Swichi za Kimya

Mama mkwe wangu, Hajati Kaltumi, hajui kompyuta, ila anajua kelele. Kibodi yangu ikilia, kwake mimi nafanya kazi. Ikinyamaza, mimi ni mvivu, na jina langu linaitwa kutoka jikoni mpaka nusu ya Old Kampala inalijua: "Lakica, hizi sufuria zinaoshwa na malaika?"

Kazi yangu ni kupokea simu nikiwa chumbani kwangu. Kampuni inauza taa za sola, wateja wako Kenya, Kongo na hapa hapa. Taa ikizimika wananitukana mimi kwa Kiswahili, na mimi niliyezaliwa kambi ya polisi, ambako hapa Uganda Kiswahili ndicho kinachosemwa, matusi yake hayanipigi chenga. Naongea huku naandika. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa na swichi za bluu chini ya vitufe, zile ambazo ukibonyeza zinasema ta. Nilizipenda. Zilikuwa askari wangu mlangoni: zikilia, hakuna aliyeniita.

Taabu ikatokea upande wa pili wa simu. Mteja mmoja wa Bunia aliniuliza kwa nini natafuna karanga wakati yeye amekaa gizani. Msimamizi wangu, Monique, akasikiliza rekodi, akaniambia nibadilishe kibodi au yeye abadilishe mtu. Niliogopa kweli. Mume wangu, Abdul-Latif, anaendesha lori la Juba na haonekani, na kazi ile ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba yao kilichokuwa changu.

Nikaenda mjini kwa Wandera, muuza vifaa vya kompyuta. Ana kibao chenye swichi za kila aina, unazibonyeza moja moja kama parachichi sokoni. Nyekundu zilikuwa laini, lakini nyepesi mno: kidole kikipumzika tu, herufi imeshaandikwa. Za kahawia bado zilinong'ona. Mwishowe akanipa za kimya, zenye mpira ndani na kijibonge kidogo njiani, ambacho kidole kinakihisi ila sikio halikisikii. Nikafumba macho, nikabonyeza. Kimya. Nikanunua kibodi nzima yenye swichi hizo, nikijua kabisa nani atanuna.

Nilimweleza Hajati kwa adabu zote. "Mama, kuanzia leo hamtasikia kelele, lakini kazi ni ile ile."

"Sawa, mwanangu," akasema.

Wifi yangu Zulaikha, aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika na hajashika ufagio tangu siku hiyo, akaomba ile kibodi ya zamani. Eti anataka kujifunza kompyuta. Nikampa. Ujinga wangu.

Kesho yake nina mteja masikioni, nasikia ta-ta-ta kutoka chumba cha Zulaikha. Mara mlango wangu ukafunguliwa bila hodi.

"Mwenzako anafanya kazi," Hajati akasema, kwa sauti ya kuitia mbuzi, "na wewe umekaa kimya na kofia yako ya waya. Njoo umenye matoke."

Mteja alisikia yote. Akacheka, kisha akakata simu.

Ikawa hivyo wiki nzima. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema kwamba debe lenyewe husamehewa kuosha vyombo. Ijumaa Monique akanionya: akisikia tena habari za matoke kwenye simu, Jumatatu nisiingie kazini.

Hapo nikachemka. Nikamwomba Hajati aje aone kitu, nikafungua mlango wa Zulaikha, mimi pia bila hodi. Alikuwa amejilaza kitandani, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unagonga kibodi kama anatwanga kisamvu. Nikavuta waya. Ukatoka chini ya mto, haujachomekwa popote. Chumba kizima hakikuwa na kompyuta.

"Mama," nikauliza, "ameandika nini?"

Zulaikha akaacha kugonga. Hajati akautazama ule waya, kisha akanitazama mimi, wala hakushtuka.

"Unadhani mimi mjinga?" akasema. "Najua haandiki kitu. Lakini huyu ni binti yangu. Wewe umeolewa hapa. Matoke yanakungoja."

Nilikasirika. Siku zote nilidhani sauti ya kibodi ndiyo inayomridhisha mwanamke huyu, na yeye hata siku moja hakuwa ananisikiliza.

"Nimesikia, Mama," nikasema.

Nikarudi chumbani, nikamwandikia Abdul-Latif kwamba akirudi kutoka Juba anitafute Luzira, kwa dada yangu Akot. Nikatia laptopu, headfoni na kibodi ya kimya ndani ya begi. Nilipopita uani Hajati aliniita kwa ukali, kisha akaniita tena kwa sauti ya chini kidogo. Sikugeuka.

Nilikuwa langoni ile ta-ta-ta ilipoanza upya.

"Zulaikha," nikasikia Hajati akiita. "Njoo umenye matoke."

Kibodi haikunyamaza. Ikazidi kwenda mbio.