Matanga ya Guelor

Asubuhi Guelor alifika uwanjani Luano kwa miguu, akatundika kofia yake kwenye mlango wa ndege ndogo ya bosi wake, patroni Gérard, akaanza kuikagua. Alipapasa pangaboi, akapima oili ya injini, kisha akapiga magoti chini ya bawa na kukinga petroli kidogo kwenye chupa. Akaiinua juani. Chini ya petroli yalikuwa yamelala maji. Akayamwaga majanini, akakinga tena, mpaka petroli ikatoka safi.

Alikuwa amekufa tangu mwanzo wa mvua.

"Papa Guelor, leo iko mayi mingi?" aliuliza Adrien, rubani aliyerithi kiti chake.

"Sawa siku yangu ya kufa. Mapipa ya petroli iko wazi, mvua inaingia."

Siku yake, abiria walikuwa na haraka. Patroni alimwambia aruke tu, pasta ameshaiombea ndege, ukaguzi utafanywa akirudi. Juu ya mashamba ya Annexe injini ilikohoa, ikanyamaza. Abiria walitoka na michubuko. Yeye hakutoka.

Nyumbani Katuba, mkewe Dorine alikuwa bado amevaa nyeusi. Marehemu haondoki kabla matanga hayajaondolewa, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo hakuna jirani aliyeuliza kwa nini Guelor anashinda mlangoni akinuka petroli. Tabu ilikuwa jioni. Saa ya ajali ikifika, kifua chake hukohoa, hunyamaza, na nyumba nzima huanza kushuka. Sufuria huteleza mezani. Dorine humshika mkono, na mkono hupoa, mpaka nyumba igonge chini. Asubuhi Guelor huamka tena, mwepesi kuliko jana.

Basi Dorine akaenda Luano.

"Patron, samedi tunatosha matanga, ninavua nyeusi. Bwana yangu anachoka. Kila mangaribi anakufa mbele yangu."

"Ngoja kwanza, mama Dorine. Ukimutosha aende, nani atatazama ndeke?"

"Tafuta fundi. Na mapipa ufunike."

"Fundi? Leo anagonjwa, kesho iko na kilio. Bwana yako anakuya kila siku, hata dimanche!"

"Anakuya sababu unamukatalia kulala."

Patroni akaangalia saa yake. Adrien ndiye aliyesogea, akavua kofia.

"Mama, tafazali. Niko na batoto."

Dorine alimtazama sana. Mke wa Adrien, Lydie, alikuwa anaimba naye kwaya moja. Akageuka, akarudi Katuba.

Jumamosi hiyo, saa ambayo wanawake wangekuja kumvua nguo nyeusi, lilifika gari la patroni. Lilileta mfuko wa unga na kitambaa kipya, cheusi. Dorine alikipima mabegani, akakikata, akakishona.

Jioni alifunga sufuria kwa kamba, akaketi karibu na mume wake, akamshika mkono. Kule Luano mvua ilikuwa inanyesha ndani ya mapipa.