Ubani Katika Mpini

Bherulal hakumwamini mtu. Muuza maziwa aliyemletea maziwa kwa miaka kumi na tisa bado alikuwa anangojeshwa mlangoni kila asubuhi mpaka kidole cha Bherulal kizame kwenye kopo na kutoka. Mkewe, Dhapu, alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku mumewe atakapokufa na kupelekwa kuchomwa, atawasimamisha wabebaji njiani akague kwanza kama kuni zimekauka.

Lakini shaka hiyo ndiyo iliyowalisha. Pale mjini Udaipur, mtu aliyetaka kununua gupti ya kale, ile bakora yenye upanga uliofichwa tumboni, hakutoa pesa mpaka Bherulal atoe neno. Naye hakuanza na nakshi za dhahabu, maana dhahabu huwekwa ili mnunuzi aangalie dhahabu. Alifumba macho akauchomoa upanga karibu na sikio, akausikiliza unavyotoka kwenye ala. Kisha akaulaza juu ya vidole viwili kupima uzito. Kisha akaunusa. Mwisho alinyanyua macho ukutani, ilikoning'inia bakora nyeusi yenye mpini wa kichwa cha mbuzi, kazi ya babu mkuu wa ukoo wao. Baba yake, Nathulal, alimkabidhi bakora hiyo siku chache kabla ya kufa. "Kila utakayoletewa, ilinganishe na hii," alimwambia. "Isiyofanana nayo, irudishe."

Na Bherulal alizirudisha kweli. Mwaka uliopita mzee mmoja kutoka Salumbar alileta bakora ya babu zake, akaambiwa ni ya juzi juzi, sauti yake si sauti ile ya ukutani. Mzee alilia palepale dukani mbele ya watu. Bherulal alimwambia wauza bakora wote wanajua kulia.

Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha Nathulal, chenye kiapo alichokula mbele ya mungu wa kike wa ukoo: Kipya Hatukiiti cha Kale.

Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya sikukuu ya Dashera, akaingia Takhat Singh, wa jamaa ya watawala wa zamani wa Dhawlera, masharubu yamesokotwa, na bakora kwapani imefungwa kitambaa chekundu. Nyuma yake aliingia mwanamke wa makamo aliyejifunika mpaka kidevuni. Huyo alikuwa Sajjan Kanwar, mjane wa mdogo wake. Akaketi kando ya mlango, akatoa popoo kwenye kifuko na mkasi wa kuikatia, akaanza kukata. Kacha. Kacha.

"Fundi, sikia," alisema Takhat Singh. "Hii ni bakora ya nyumba yetu. Kwenye picha ya babu yangu, ile ya ukumbini, ameishika imechomolewa nusu, na upanga una samaki saba wa dhahabu. Ndugu yangu alipofariki nikaitoa nimwonyeshe mtu wa hoteli moja anayenunua vitu kama hivi. Nikaichomoa mbele yake. Samaki hakuna hata mmoja! Jamaa akacheka mpaka akakohoa."

"Hamkuwahi kuichomoa kabla?"

"Wewe nawe! Silaha ya siri huabudiwa ikiwa imefichwa. Kila Dashera tunaipaka poda nyekundu na samli, imefungwa vilevile. Ufunguo wa kabati alikuwa nao marehemu, na baada yake," akaangalia dari, "huyo mama."

Kacha.

Kwa desturi yao, mwanamke hasemi na kaka wa mumewe uso kwa uso, kwa hiyo wawili hao, waliokaa hatua tatu wakitazamana, walimfanya Bherulal kuwa karani wao.

"Mwambie huyo mama aseme ya kwake," alisema Takhat Singh.

"Mwambie shemeji sina la kusema," alijibu mjane taratibu. "Fundi ndiye aseme."

"Mwambie kwamba kubadilishwa imebadilishwa, hilo hata kipofu anaona. Ninachotaka ni kujua lini. Ikiwa hii ya bandia ni mpya, basi ile ya kweli kaiuza yeye, na leo hii anatoka nyumbani kwetu yeye na binti yake. Na wachumba wa huyo binti nitawaambia sababu."

Bherulal aliitazama mikono ya mjane, maana ndiyo pekee iliyoonekana. Haikutetemeka. Machale yakamcheza. Mtu anayekaribia kufukuzwa yeye pamoja na mtoto wake, akakaa anakata popoo vipande sawasawa kama yuko arusini?

"Tena nikuambie," Takhat Singh akamsogelea. "Mimi nilitaka tumwite mtaalamu wa Jaipur. Yeye kang'ang'ania wewe, wewe tu. Huoni ajabu?"

Bherulal aliiona. Mjane alimtaka yeye kwa nini? Alikuwa amesikia kwamba fundi ana bei?

"Halafu kuna panga zetu arobaini, mikuki, na ngao," Takhat Singh aliendelea, safari hii akiziangalia kucha zake. "Zinataka kusafishwa kabla ya Dashera. Nilikuwa nawaza nimpe nani kazi hiyo."

Kumbe na huyu ana lake. Bherulal akawachukia wote wawili kwa kipimo kimoja, akahisi nafuu. Akaichukua bakora.

Ala ilikuwa ya kale kweli, mti mweusi uliolainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Akafumba macho, akachomoa. Upanga ukatoka kwa mkwaruzo mdogo mwishoni. Akaulaza vidoleni, ukainama upande wa ncha. Akapitisha ukucha, akanusa.

"Springi ya lori," alisema.

"Umesikia!" Takhat Singh alipiga paja. "Lori! Babu yangu alitembelea tembo!"

"Malori yapo tangu kabla sijazaliwa, bwana. Chuma hiki kinaweza kuwa cha mwaka jana, kinaweza kuwa cha miaka arobaini. Umri wake uko kwenye lakiri." Akagonga mpini wa fedha kwa ukucha. "Msuka wa upanga, hiki kipande kinachozama mpinini, tunaugandisha kwa lakiri na unga wa matofali. Nikiupasha moto nitajua."

Mkasi wa popoo ulisimama.

"Fundi," alisema mjane, "utaufungua mpini?"

"Nitaufungua."

"Haya." Na kukata kukaendelea.

Aha, alijisemea Bherulal. Hapo ndipo panapomuuma. Akavuta jiko la makaa, akaugeuza mpini juu ya moto polepole, jicho moja kwa mjane na jingine kwa shemeji yake.

Lakiri ikilainika hutoa harufu ya utomvu ulioungua na vumbi la matofali. Hiyo ilikuja kwanza. Kisha, chini yake, ikaja nyingine, tamu na nzito, ikajaza duka. Ubani.

Bherulal akarudi utotoni. Alikuwa na miaka saba, anatwanga ubani kwenye kinu kidogo, na baba yake anaumwaga ndani ya lakiri ya moto, anacheka: "Mteja akisikia harufu hii, atadhani upanga umetoka hekaluni." Hakuna fundi mwingine mji mzima aliyetia ubani. Ni anasa, na haigandishi chochote.

Bado alijipa moyo. Nathulal alirekebisha mipini mingi iliyolegea, ya panga za kale, kihalali kabisa. Pengine hii nayo ililegea. Akaukamata upanga kwa kitambaa, akavuta. Msuka ukatoka na uzi wa lakiri. Akaufuta kwa kidole gumba.

Mikato mitatu ya tupa, na nukta moja pembeni.

Baba yake hakujua kuandika. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, na aliiweka tu kwenye vitu alivyovifua mwenyewe kuanzia chuma kitupu: mundu, mikasi, visu vya jikoni. Upanga wa mtu mwingine alioutia mpini hakuugusa kwa tupa. Na hapa alikuwa ameiweka palepale pasipoonekana, labda ili siku ikirudi mkononi mwake asije akainunua yeye mwenyewe.

"Vipi?" Takhat Singh alikuwa ameinama. "Mpya?"

Bherulal alikuwa ameugeuzia msuka kifuani. Hakuna mwingine aliyeuona. Neno moja tu, "mpya", lilitosha, na kwa neno hilo angepata panga arobaini za kusafisha. Hata angetaka kumwokoa mjane kwa kusema ni ya zamani, angeulizwa kajuaje, na ushahidi ulikuwa mmoja tu. Alimwonea baba yake hasira ambayo hakuwahi kumwonea alipokuwa hai. Miaka ishirini na saba amekaa chini ya kile kibao, anawafokea watu kwa jina la mwongo!

Akaogopa pia, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Nani angeleta bakora hapa tena?

Kacha.

Akaiangalia mikono ile. Leo jioni ingekuwa inabeba masanduku, na binti nyuma.

"Hakuiba huyu mama," alisema. "Hakuiba. Upanga huu kaufua baba yangu, Nathulal. Na baba yangu amekufa miaka ishirini na saba iliyopita, huyu mama hajaolewa bado."

Dhapu, aliyekuwa nyuma ya pazia akichambua dengu, aliangusha ungo.

Takhat Singh alicheka kwa puani. "Kakupa nini?"

"Angenipa nini mimi, bwana, kinachotosha kumvua baba yangu nguo sokoni?"

Kicheko kikakatika. Bherulal akamnyooshea msuka, kisha akamgeukia mjane. Kwa mara ya kwanza aliuona ule mkasi wenyewe, badala ya mikono iliyoushika.

"Mama, huo mkasi katengeneza nani?"

Mjane aliupangusa kwa ncha ya ushungi, akampa. Ndani ya mguu mmoja wa mkasi, karibu na bawaba, kulikuwa na mikato mitatu na nukta moja. Bherulal akaviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu juu ya fuawe. Takhat Singh aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akarudi kwenye cha kwanza.

"Yaani babu," alisema.

"Enzi hizo ufunguo alikuwa nao nani?"

"Babu. Ni mwaka ule serikali ilipotunyang'anya mashamba." Masharubu yalianza kumshuka. "Alisema hakuuza kitu. Alitukusanya watoto wote akatuambia hakuuza hata kijiko. Na sisi kila mwaka, miaka yote hii, tunaipaka poda na samli..."

"Samli yenyewe ya nyati, ile nzuri," alisema Dhapu nyuma ya pazia.

"Nyamaza wewe!" alisema Bherulal.

Takhat Singh aliinuka. Hakuichukua bakora. Mlangoni akasimama akiwa amewapa mgongo.

"Mwambie huyo mama gari linamngoja. Mwambie chumba chake ni chake." Akasokota ncha ya sharubu. "Na mwambie kuhusu wachumba, mimi sikusema kitu."

"Mwambie shemeji nimesikia," alisema mjane.

Hatua za Takhat Singh zilipopotea, mjane alipandisha ushungi kidogo. Uso wake ulikuwa wa kawaida, umechoka, na machozi yalikuwa yameuchirizikia muda mrefu bila mtu kujua.

"Ulikuwa unajua," Bherulal alimwambia.

"Marehemu mume wangu aliniambia. Yeye aliambiwa na babu yake, babu alipokuwa anakata roho. Akanionyesha na alama ya fundi, kwenye mkasi huu wa nyumbani kwao."

"Sasa kwa nini usiseme?"

"Niseme mimi? Mjane anayeitwa mwizi aseme babu mtukufu ndiye aliyeuza? Wangenitoa usiku uleule." Akaurudisha mkasi kifukoni. "Ningeutoa mwenyewe kama ungekaa kimya. Lakini ungeweza kuapa kwamba mikato ile ni ya mtu mwingine, na neno lako mji mzima unalikubali. Nilikuogopa wewe, fundi, kuliko nilivyomwogopa yeye."

Bherulal alikuwa hajawahi kufikiri kwamba na yeye kuna mtu anamtilia shaka. Mjane alimwachia vipande viwili vya popoo juu ya fuawe, akatoka kwenda kwenye gari.

Duka lilikuwa bado linanuka ubani. Bherulal akanyanyua macho ukutani.

"Usiishushe," alisema Dhapu, ambaye sasa alikuwa amesimama kwenye pazia na dengu zimemwagika miguuni. "Baba Bhanwar, nakuomba, iache. Kwani nani kakuuliza?"

Akaishusha. Mikono yake ilijua kazi kuliko yeye alivyotaka. Aliugeuza ule mpini wa kichwa cha mbuzi juu ya makaa, na muda mrefu ikanuka lakiri tu, matofali tu, mpaka akaanza kutabasamu. Kisha ubani ukaja. Akavuta msuka, akaufuta, na hakuhitaji kuupeleka kwenye mwanga, kidole gumba kilihesabu chenyewe: moja, mbili, tatu, na nukta.

Aliketi chini kwenye vumbi la chuma akalia kwa sauti. Dhapu aliketi karibu naye asimguse. Baadaye kidogo alimuuliza anamlilia baba yake au anajililia mwenyewe.

"Namlilia yule mzee," alisema Bherulal. "Yule wa Salumbar. Nilimwambia bakora yake haifanani na hii."

Alfajiri alimfungulia muuza maziwa, akapokea kopo bila kutia kidole, mpaka mwenzake akauliza kama kuna mgonjwa ndani. Kisha akakishusha kibao cha mlangoni, akaifunga bakora ya kichwa cha mbuzi kwenye gunia, akapanda basi la kwanza la Salumbar. Jina la yule mzee hakulijua. Wala hakujua kama bado anayo ile bakora, au alishaiuza kwa bei ya kuni.